Diski pepe ikichomoka ghafla, draiva yako itafanya nini?

Ukimwambia mtu diski imechomolewa ghafla atafikiria flashi, mtu kaivuta kwa mkono kabla kompyuta haijamaliza kuandika, basi. Mie nataka tuongee kuhusu diski pepe, zile ambazo hazina hata waya wa kushika: faili moja kubwa la VHD linalojifanya diski, diski ya iSCSI au NBD inayokuja kwa mtandao kutoka seva nyengine, diski ambayo mashine pepe imepewa na hypervisor (programu inayoiendesha). Hizi ndo zinapotea sana, na hakuna aliyezivuta. Prosesi iliyokuwa ikizihudumia imekufa, ama admini ameiondoa akidhani haina mtumiaji, ama mtandao umekatika. Zunguka maofisi ya hapa Mombasa utaona kitu kimoja, UPS iko kwenye seva tu, swichi ya mtandao imechomekwa ukutani moja kwa moja, sasa stima ikipotea seva inabaki macho lakini diski yake imeshaenda manake njia ya kuifikia imezima. Na si stima peke yake, Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, aliyekuwa na data zake ng'ambo siku zile anajua alichopitia.

Nimekuwa nikiandika na kurekebisha draiva za diski hizi kwa muda, yaani vile vipande vya programu vinavyoiwezesha Windows ama Linux kuongea na diski, na ninalotaka kumwambia anayeanza ni hili: kuondoka kwa diski na kuondoka kwa watumiaji wa diski ni mambo mawili, yanatokea kwa nyakati tofauti, na ukiyashughulikia kwa pamoja mashine itakufa mikononi mwako.

Windows imeyatenganisha wazi kabisa. Mtu akiiondoa diski kwa adabu draiva inaulizwa kwanza kwa ujumbe wa IRP_MN_QUERY_REMOVE_DEVICE, na inaweza kukataa. Ikichomoka ghafla hakuna kuulizwa, inakuja IRP_MN_SURPRISE_REMOVAL, na hiyo huwezi kuikataa kwa sababu kitu chenyewe hakipo tena. Sasa watu wengi wakiona hiyo wanakimbilia kufuta kila kitu hapo hapo, memori, foleni, device object (kiwakilishi cha diski ndani ya Windows). Usifanye hivo! Kuna programu bado zimeshikilia handle (kishikio cha kitu kilichofunguliwa), na IRP_MN_REMOVE_DEVICE haitakuja mpaka wote waliofungua wafunge. Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili yaweza kupita sekunde, yaweza kupita saa nzima, na muda wote huo draiva yako inaishi na diski ambayo haipo. Makosa mengi niliyoyakuta yamejificha hapo.

Chukulia mama wa viazi karai aliyeishiwa na unga: kwanza anawaambia wanaokuja wasipange foleni, alafu walioshalipa anawarudishia pesa mmoja mmoja, lakini meza haondoi mpaka aliye kwenye kiti amalize na arudishe sahani. Mpangilio wa draiva ni huo huo, funga mlango, jibu walioko ndani, subiri sahani.

Kufunga mlango kunaonekana rahisi, unaweka bendera ya "diski imeenda" na kila ombi jipya linarudishwa na STATUS_DEVICE_NOT_CONNECTED ama kosa linalofanana na hilo. Shida ni ile nafasi ndogo kati ya kuangalia bendera na kulitia ombi kwenye foleni, tredi nyengine (mkondo mwengine wa kazi unaokwenda sambamba) ikiweka bendera hapo katikati na ikamaliza kuisafisha foleni, ombi lako limeingia nyumba isiyo na mtu na halitajibiwa milele. Kwa hivo bendera na foleni zilindwe na kufuli (lock) moja. Alafu juu yake tumia remove lock, hesabu ya Windows ya maombi yaliyoko ndani, IoAcquireRemoveLock kila ombi linapoingia, IoReleaseRemoveLock likimaliza, na IoReleaseRemoveLockAndWait kwenye REMOVE_DEVICE kabla ya kuachilia memori. Mie sipendi hesabu za kienyeji za kuongeza na kupunguza namba wenyewe, hii kitu ipo tayari, itumie.

Kujibu walioko ndani ndo kazi yenyewe. Kila ombi linalosubiri lazima limalizwe kwa kosa, na limalizwe mara moja tu. Fikiria, wewe umelimaliza kwa sababu diski imepotea, alafu ile tredi ya mtandao inakuja imechelewa na jibu lake na yeye anataka kulimaliza tena, hapo ni skrini ya bluu. Sheria ninayofuata: aliyelitoa ombi kwenye orodha akiwa ameshika kufuli ndiye mwenyewe, mwengine akilikosa anaenda zake. Na ukishalitoa, achilia kufuli kwanza ndo ulimalize, manake aliyelituma anaweza kurudi papo hapo na ombi jengine na akakukuta bado umeshika. Wanaotumia Storport, msingi wa Microsoft wa kuandikia draiva za diski, mnarudisha SRB_STATUS_NO_DEVICE alafu mnaita StorPortNotification na BusChangeDetected ili Windows ihesabu upya na ione LUN (yaani hiyo diski) haipo. Na tafadhali msiweke pagefile (faili ambalo Windows inahamishia memori) kwenye diski kama hii, ikiondoka mashine nzima inaanguka na kosa la 0x7A na hakuna draiva itakayoiokoa.

Upande wa Linux mtego mkubwa ni del_gendisk, fanksheni ya kerneli ya kuiondoa diski. Inasubiri maombi yaliyoko ndani yaishe, na kama wewe ndiye umeyashikilia ukingoja seva iliyokufa irudi, mnangojana. Prosesi inaingia hali ya D (usingizi usioamshika), kill -9 haiisaidii, reboot peke yake. Kwa hivo yamalize kwa kosa kwanza, kwenye kerneli za karibuni ita blk_mark_disk_dead, alafu del_gendisk, alafu put_disk, na memori yako binafsi uiachilie kwenye free_disk, inayoitwa mtumiaji wa mwisho akifunga, si kabla, sababu kuna mtu bado ana faili wazi. Yeye atapata EIO (kosa la kusoma na kuandika), na mifumo ya faili nayo, XFS itajizima, ext4 itaacha journali yake (daftari la mabadiliko) na kwa kawaida itabaki ya kusoma tu. Hiyo ni sawa kabisa.

Nasema ni sawa kwa sababu nimeona kisicho sawa. Kuna ofisi ya kuklia mizigo upande wa Kilindini niliitwa, stima ilikuwa imepotea na kurudi, na programu yao ya entri imekwama kabisa. Draiva ya diski yao ya mtandao ilikuwa ikingoja bila kikomo, haisemi imefeli haisemi imefaulu, na baya zaidi ile programu ilikuwa imeshamwambia karani "imehifadhiwa" wakati data bado iko kwenye memori. Dada wa watu alikaa na makaratasi kuingiza upya kazi ya mchana mzima. Kosa lililosemwa mapema lingemsimamisha kwenye entri ya kwanza. Wanaoandika programu za juu nao wana sehemu yao hapa, angalieni jibu la fsync (wito wa kusukuma data mpaka kwenye diski), msichukulie kwamba write ikirudi salama basi data iko kwenye diski.

Je, usubiri muda gani? open-iscsi, programu ya iSCSI ya Linux, inasubiri sekunde 120 isipoambiwa vyengine, ni replacement_timeout kwenye mipangilio yake. Kwa mtandao unaoyumba kidogo hiyo inasaidia, kwa databesi yenye watu wanangoja kaunta ni ndefu mno. Mie nagawanya hivi: diski ikiondolewa kwa makusudi, feli papo hapo. Mtandao ukikatika, subiri lakini weka kikomo. Na ikirudi baada ya kikomo ichukulie ni diski mpya, soma namba yake ya siriali upya, usiendelee na handle za zamani, manake huku nyuma mtu anaweza kuwa amebadilisha faili ama ameiunganisha kwengine na kuandika.

Kutesti msingoje stima. Washa fio (programu ya kujaribu diski) iandike kwa nguvu, shikilia faili moja wazi kwenye terminali nyengine, alafu iue ile prosesi inayohudumia diski. Kwa diski za SCSI andika 1 kwenye /sys/block/sdb/device/delete. Kwenye Windows washa Driver Verifier, mkaguzi wa draiva, na uangalie kama tukio namba 157, la diski kuondolewa ghafla, limeandikwa kwenye logi. Alafu badala ya kuiua prosesi ipe SIGSTOP, yaani iko hai lakini haijibu, hapo ndo draiva nyingi zinafeli kwa sababu hakuna aliyekata koneksheni ya kuwaamsha. Ondoa diski kabla probe (hatua ya draiva kuipokea diski) haijamaliza. Iondoe mara mbili mfululizo. Na KASAN, mkaguzi wa memori wa kerneli ya Linux, iwe imewashwa wakati wote, manake memori iliyotumiwa baada ya kuachiliwa mara nyingi haikrashi siku hiyo, inangoja mpaka ufike kwa mteja.