Zege limekauka, fundi bomba anatafuta matundu

SWALI: Shikamoo mzee. Nasimamia ujenzi wa jengo la ghorofa nne. Mafundi ninao wazuri, ila makundi hayasikilizani. Tumemwaga zege la sakafu ya pili. Siku mbili baadaye fundi bomba akauliza matundu yake yako wapi. Sasa tunatoboa, na lawama zimetapakaa saiti nzima. Niwapangeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza simamisha patasi. Mwite mhandisi wa jengo aonyeshe pa kutoboa, msije mkakata nondo.

Nami yalinikuta. Ratiba niliichora peke yangu usiku, nikaibandika ukutani, nikaona nimepanga kazi. Fundi bomba sikumuuliza neno.

Acha kuwagawa kwa fani. Sakafu ya tatu iwe na timu yake: seremala wa fomu (zile mbao zinazoshikilia zege bichi), msuka nondo, fundi umeme, fundi bomba. Waje wenyewe wanaoshika kazi, maana bosi wa mkandarasi mdogo huahidi siku asizozijua. Kaeni mbele ya ukuta, muanze na siku ya kumwaga zege, mrudi nyuma. Kila mmoja aandike kwa mkono wake: kazi yangu hii, siku kadhaa, nangoja kitu fulani kutoka kwa fulani. Hapo utasikia mambo. Fundi bomba anataka fomu ikiwa tupu, agongelee vikasha vya matundu. Fundi umeme anataka nondo za chini zimelazwa, za juu bado. Na msuka nondo, aliyezoea kulaza zote kwa mkupuo, ndiyo kwanza anasikia!

Utaratibu huu waliukuza Wamarekani Glenn Ballard na Greg Howell miaka ya 1990. Ballard alipohesabu ahadi za kila wiki kwenye miradi, takriban nusu tu ndizo zilizotimia. Nawe hesabu kila Ijumaa. Zikitimia 6 kati ya 10, kwa zile 4 tafuta sababu: vifaa, mchoro, au mwenzake hajamaliza? Faini usiweke kabisa. Niliiweka, mafundi wakaanza kuahidi kazi ndogondogo tu.

Asubuhi ya zege, kabla mashine haijawashwa, wote wanne watembee juu ya nondo na kutia sahihi. Mwenye shaka azuie, hata kama gari la zege liko getini. Siku hiyo usimfokee, mwanangu. Akifokewa mara moja, hatazuia tena.