Mti wa Kale Hutetewa Kabla Msumeno Haujawashwa

Nilipofika kando ya msitu ulio jirani na mtaa wetu hapa Nairobi, kazi ilikuwa imekwisha: visiki 14 vya muhugu, na harufu ya mbao mbichi ingali hewani. Muhugu hukua polepole mno, na kwa kuwa mbao yake ni ngumu na wachongaji huipenda, wakataji huuandama. Sisi majirani tulikasirika, tukapiga picha, tukamwendea mkandarasi, naye akatuonyesha kibali kilichotolewa wiki nyingi kabla, baada ya tangazo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelisoma. Tangu siku hiyo nimeshika kwamba msitu wa kale hutetewa kwa karatasi, mapema.

Tafuta kwanza tangazo la Gazeti Rasmi la serikali linalohusu msitu wako, pamoja na ramani ya mipaka yake. Karura, msitu ulio hapa Nairobi, ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, lakini hilo halikuzuia sehemu zake kugawiwa watu binafsi miaka ya 1990, wala halikumkinga mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake na kipigo walipokwenda kupanda miti humo Januari 1999. Leo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inataka ombi la kubadili mipaka ya msitu wa umma lifike Bungeni. Aliye na ramani mkononi ndiye awezaye kuonyesha kwamba vigingi vimesogezwa.

Jifunze pia kuitambua miti. Niliwahi kuripoti ukataji wa mikaratusi iliyopandwa ili ivunwe, na afisa wa misitu, ambaye alikuwa na haki kabisa, hakunisikiliza tena kwa miezi kadhaa. Mkaratusi na msanduku wa shamba la miti havilingani na mutamaiyu (mzeituni wa mwituni) au mutarakwa (mwerezi wa kienyeji) uliojiotea wenyewe, na malalamiko yasiyotofautisha hayo hutupwa.

Linaloniuma zaidi ni ahadi ya miche. Kila mti mkongwe unapotakiwa kuondolewa, tunaambiwa kwamba mingine mingi itapandwa mahali pengine, kana kwamba mche wa kimo cha goti unaweza kushika udongo wa mteremko, kuhifadhi unyevu au kumpa hondohondo tundu la kutagia. Bwawa la Ndakaini, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, hujazwa na mito itokayo katika milima ya Nyandarua, na kinachoifanya mito hiyo iendelee kutiririka wakati wa kiangazi ni msitu uliokwisha kukomaa. Unapoahidiwa miche, uliza kwa maandishi itapandwa wapi, nani ataimwagilia na kwa miaka mingapi. Mara nyingi sijapata jibu.

Usitegemee amri ya serikali ya kusimamisha ukataji. Ile ya Februari 2018 ilidumu miaka mitano, kisha Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa, na ubishi ukahamia mahakamani. Jiunge badala yake na chama cha jamii cha misitu, ambacho sheria inakitambua, na utembee msituni mara kwa mara pamoja na wanachama wake, kwa sababu msitu wenye watu ni mgumu kukatwa kimyakimya. Usiwakabili wakataji peke yako kamwe.

Ukisikia fununu ya ukataji, andika barua siku hiyohiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Peleka nakala mbili, na usiondoke kwenye dirisha la mapokezi kabla nakala yako haijapigwa muhuri wenye tarehe.