"Nashiriki nanyi picha hii": nani hasa anayeshiriki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Muheza. Mimi na wenzangu tuna kikundi cha wapenda ndege. Jumamosi tunapanda kwenye msitu wa Amani na simu zetu na kamera mbili tatu, na jioni kila mtu anawatumia wenzake alichokipata. Juzi niliandika: "Habari za jioni, nashiriki nanyi picha yangu ya leo," nikaweka picha ya hondohondo. Mzee mmoja wa kikundi, mwalimu mstaafu, akaniuliza: "Unashiriki nini, na picha yako iko wapi? Mimi naona ndege tu." Baadhi wakamuunga mkono, wengine wakasema lugha inakua, tuiache. Je, nilikosea? Kama nilikosea, niseme nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mzee wenu kagusa mambo mawili kwa mpigo, na yote mawili ana haki nayo. Nianze na hilo la kushiriki, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Kushiriki ni kuwamo. Anayeshiriki mkutano yumo mkutanoni, anayeshiriki mbio yuko barabarani anakimbia, na aliyeshiriki mazishi alifika makaburini. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na ndugu zake tunao: shirika, ushirika, mshirika, hata ushirikina, ambao asili yake ni kumpa Mungu mwenza. Ukiupitia ukoo huo wote utakuta wazo moja, kwamba wawili au zaidi wamo ndani ya jambo moja. Humo hamna neno hata moja lenye maana ya kutoa kitu na kumpa mwenzako.

Najua kuna atakayenijibu: mbona makanisani husemwa "kushiriki Meza ya Bwana", na pale pana mkate na divai, vitu kabisa vya kushika mkononi? Mfano huo naupenda, kwa sababu ndio unaolifungua fundo. Tazama nani anayeshiriki pale. Ni yule anayekula. Mchungaji anayegawa mkate hatusemi "ameshiriki mkate na waumini" tukimaanisha kwamba amewagawia. Tukisema ameshiriki, maana yake naye amekula. Ndivyo ilivyo hata kwa "tunashiriki huzuni yenu". Huzuni ni ya wafiwa, sisi tunaingia humo kuwa pamoja nao. Mfiwa mwenyewe hawezi kusema "nashiriki nanyi huzuni yangu" na Kiswahili kikakaa sawa.

Sasa rudi kwenye ujumbe wako. Aliyeamka alfajiri akapanda Amani ni wewe. Aliyesimama chini ya mti shingo ikamuuma, akingoja hondohondo ageuze mdomo upande wa mwanga, ni wewe. Picha ni ya kwako tangu mwanzo. Walioshiriki ni wale waliofungua simu zao jioni wakaitazama. Wewe uliwashirikisha. Silabi moja tu, -sha, ndiyo inayomtenganisha mwenye chungu na waliokaribishwa kula, nawe ulipoiacha ulijihamishia upande wa wageni.

Kosa hili halikuzaliwa Muheza. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "share", kinachobeba kazi mbili, ya kutumia kitu pamoja na ya kumpa mwenzako sehemu ya ulichonacho. Kiswahili kilizitenga kazi hizo zamani. Waliotafsiri maandishi ya kwenye simu walihitaji neno moja fupi la kuweka kwenye kitufe, wakaandika "Shiriki". Kitufe kinakaa peke yake, hakina mtu wala kitu ubavuni, kwa hiyo ufa hauonekani. Sina ugomvi nacho. Ufa unaonekana pale tunapokichukua kitufe kile na kukijengea sentensi nzima, "nashiriki nanyi picha", kana kwamba hatukuwa na namna ya kusema hayo kabla ya simu kuja.

Wenzako wanaosema lugha inakua, nawaheshimu, na kweli inakua. Lakini neno likianza kubeba maana mbili zinazopingana, mtoaji na mpokeaji, kuna kitu tunapoteza. Nikisoma "Asha ameshiriki picha za maonyesho", sijui tena kama Asha alizileta au alizitazama.

Je, "nawashirikisha picha hii" ni sahihi? Ndiyo. Imejengwa kama "namnywesha mtoto maziwa": anayetendewa kwanza, kitu baadaye. Na mkiwa wengi kila mmoja akileta zake, "tunashirikishana picha" ni Kiswahili safi. Ila usiandike "nawashirikisha nanyi", kwa kuwa hiyo -wa- imeshawataja. Hata hivyo mimi mwenyewe kwa picha ya ndege nisingelitumia. Kushirikisha nakuwekea jambo zito kidogo, mfano kuwashirikisha wanakijiji katika kupanga matumizi ya msitu. Kwa picha tuna maneno mepesi na matamu zaidi: nawaletea, nawaonyesha, nawatumia, naweka hapa. "Nawaletea" ndilo nilipendalo, kwa sababu lina harufu ya mtu aliyetoka safari na kifurushi kwapani. "Nawatumia" ni zuri pia, ilimradi kitu kifuate mara moja. Likibaki peke yake laweza kusomwa kwamba unawafanya watu chombo chako. Vijana husema "natupia picha" au "nawarushia", na kati ya marafiki sioni ubaya wowote.

Maneno mengine matatu hukimbiliwa, na hayalingani. Kugawana ni kwa kitu kinachopungua. Tukigawana chungwa kila mtu anapata kipande, lakini picha yako ikiwafikia watu thelathini, kila mmoja anaye hondohondo mzima. Kupakia ni kazi ya kuiingiza picha mtandaoni, imetoka kwenye shehena za malori na majahazi, nayo haisemi lolote kuhusu atakayeiona. (Mwenzake, kupakua, ametoka huko huko na jikoni pia, kwenye wali unaotolewa sufuriani. Wateuzi wa jozi hii walisikiliza vizuri.) Kusambaza ndiko kwenye hatari. Tunasambaza umeme, tunasambaza maji, na hapo ni baraka. Lakini likikutana na picha, sikio la msomaji linakwenda kwenye taarifa za polisi na picha za aibu. Lina maana ya kitu kutoka nje ya mikono yako kikaenda usikokujua. Kwa hiyo liacheni kwa onyo, na nyinyi wapenda ndege mna pa kulitumia. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kuatamia, mlango ukazibwa kwa udongo, dume akawa anamlisha kupitia ufa mwembamba. Hana pa kukimbilia. "Tafadhali msisambaze picha ya kiota hiki" ni sentensi ambayo neno limekaa mahali pake kabisa.

Sasa la pili, "picha yangu". Mzee aliona ndege akauliza wewe uko wapi, na hakuwa anatafuta makosa. "Picha yangu" kwa Kiswahili ina maana tatu: picha ninayoimiliki, picha niliyoipiga, na picha ninayoonekana mimi. Watu wengi wakiisikia bila maelezo huchukua hiyo ya tatu. Ukimwambia mama "nakutumia picha yangu", atakaa akingoja sura yako. Dawa iko ndani ya lugha yenyewe, kwenye kitenzi. "Picha niliyoipiga" ni ya mwenye kamera. "Picha niliyopigwa" ni ya mwenye sura. Hiyo -w- ndogo inafanya kazi ambayo lugha nyingine huhitaji maneno kadhaa kuifanya, na inanisikitisha kuona tunaiacha ilale.

Mkiwa katika hilo, angalieni na ufupisho huu wa wapiga picha: "Leo nimempiga hondohondo pale karibu na chai." Ninyi mnaelewana. Mgeni atafikiri mmekwenda na manati. Neno picha lisidondoke: "nimempiga picha hondohondo". Na wengine, ili wasionekane wameua, hukimbilia "nimechukua picha". Inaeleweka, na hasa Kenya imezoeleka sana. Lakini kwa tuliokua enzi za filamu, picha ilipigwa siku moja, ikapelekwa kusafishwa, na ndipo siku nyingine mtu akaenda studio kuichukua. Kuchukua kulikuwa mwisho wa safari. Ningependa kupiga kuendelee kuwa kupiga.

Chozi, wale ndege wadogo wanyonyao maua, nao wana balaa lao. Amani ndiyo iliyompa jina yule chozi mdogo apatikanaye Usambara Mashariki, Udzungwa na ng'ambo ya mpaka, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kenya. Ukiandika "picha ya chozi" tu, mtu atauliza nani kalia. Acha upatanisho ukusaidie: chozi wa ndege hutua, "chozi huyu ametua", chozi la jicho hudondoka, "chozi hili limedondoka". Ndivyo tunavyofanya siku zote kwa ndege huyu wa msituni na ndege hii ya Dodoma.

Na picha ikiwa ya mwenzako, mtaje. Magazeti yetu yana desturi nzuri ya kuandika "Picha na fulani". Hiyo "na" ni mkia wa "imepigwa na", kitenzi kimemezwa. Usibadilishe ikawa "Picha ya fulani", utaturudisha kwenye swali la mzee. Ikiwa hukuipiga wewe na mwenyewe amekuruhusu kuitumia, kuna "kwa hisani ya". Hisani ni wema, na kwa kweli aliyekupa picha aliyoingoja tangu alfajiri amekutendea wema.

Basi ujumbe wako wa Jumamosi ningeuandika hivi:

"Habari za jioni, ndugu zangu. Nawaletea hondohondo niliyempiga picha leo asubuhi Amani. Alikuwa anakula matunda juu kabisa ya mti. Picha ya pili imepigwa na mwenzetu tuliyeongozana naye, mimi nilikuwa nimeshika begi."