Nenda Forodhani asubuhi, shoga yangu

Mwanangu wa kati ana miaka tisa na ugonjwa wake ni mpira. Sisi tunakaa Michenzani, hapa Unguja mjini, ghorofa ya nne, na mtu wa maghorofani anajua mpira ukipigwa kwenye ukuta unavosikika kwa jirani, utasema mtu anatwanga kisamvu juu ya kichwa chako. Bi mkubwa wa mlango wa pili alivumilia wiki mbili, ya tatu akaja kugonga, salamu ndeeefu, habari za watoto, habari za mama Pemba, mwisho ndo akasema "mwanangu, mie na mtoto sina neno, ila huu moyo wangu ushakuwa mtu mzima." Niliona haya wallahi. Toka siku ile nikaapa hawa watoto lazima watoke nje kila siku, na sasa mwaka wa nne huu, kwahiyo nikisema jambo kuhusu viwanja na bustani za mji huu najua ninachosema, nimeshachomwa na jua la kila mahala.

Mana watu wengi wakinambia "Mjini hapana pa kupeleka watoto" mie nawauliza kitu kimoja tu, ulikwenda saa ngapi? Kwasababu shida yetu kubwa sio pahala, ni saa.

Chukua Forodhani, ile bustani ya pwani pale Mji Mkongwe. Mwanzo na mie nilikuwa nawapeleka usiku kama watu wote, baada ya Isha, na kila siku tulikuwa tunarudi tumenuna. Moshi wa mishkaki, watu wamebanana, huyu anataka pizza, yule anataka maji ya miwa, mdogo analia anataka lile taa linalorushwa juu, siku moja nimekuja kuhesabu nyumbani shilingi 32,000 zimekwenda na hakuna aliyecheza hata dakika tano. Sasa nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wewe! Bustani imefagiliwa, mabenchi matupu, upepo wa bahari, paka wamelala wamejinyoosha, wavuvi ndo wanarudi. Watoto wanakimbia kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna mtu wa kumkanyaga, sehemu ya bembea hawagombanii na mtu. Nachukua chupa ya chai na mandazi ya jana, mkeka mmoja, gharama yangu ni nauli tu na siku nyengine tunakwenda kwa miguu. Ile bustani ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa ajili ya sherehe za jubilii, ndo mana bibi yangu mpaka anakufa akiita Jubilii, baada ya Mapinduzi ikawa Jamhuri, na hivi tunavoiona leo ni matengenezo ya watu wa Aga Khan yaliyofunguliwa 2009. Yaani imetengenezwa watu wakae, wapunge upepo. Kula ni nyongeza tu. Na kama lazima uende usiku basi watoto wale kwanza nyumbani washibe, halafu bei uliza kabla hujaletewa sahani, usiulize baada.

Sasa habari ya maji, na hapa ndo nilipata elimu ya bure kwa mzee mmoja anayekaa pale ukutani kila siku na redio yake. Mwanangu alikuwa anataka kujirusha baharini kama wale vijana wa Forodhani, nikamwambia siku ukijua kuogelea vizuri, akajifundisha, nikakosa la kusema. Tukaenda jioni maji yamekupwa, mawe matupu. Tukaenda tena, yamekupwa tena. Yule mzee kacheka, kanambia "binti, wewe unakuja na saa ya ukutani, njoo na mwezi." Kanieleza hivi, na mie tangu hapo sijakosea: mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu, siku za bamvua, maji ya Unguja mjini yanajaa mnamo saa kumi jioni na kidogo, na asubuhi saa nne yanakuwa yamekupwa kabisa. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Kwahiyo mwezi wa angani ukifika siku ya saba au ya nane, maji mafu hayo, mambo yamepinduka, jioni saa kumi ndo kupwa. Basi mie ratiba yangu yote ya wikendi inakwenda na mwezi. Jumamosi ya bamvua asubuhi saa tatu na nusu tunakwenda pwani, Kilimani au Mazizini, mchanga umekuwa uwanja mzima, mpira unapigwa bila kuvunja dirisha la mtu, wa kike wanaokota makombe. Jioni yake wanaojua kuogelea wanakwenda Forodhani maji yamejaa. Mtoto asiyejua kuogelea asijirushe hata akilia damu, na anayejua asijirushe maji yakiwa nusu, mawe yapo chini pale na hayaonekani.

Mnazi Mmoja nako ni hivyo hivyo. Pale zamani palikuwa maji ya bahari yanaingia ndani kabisa, mji wa mawe upande huu, Ng'ambo upande ule, na Darajani ndo palikuwa na daraja lenyewe. Pakafukiwa, pakawa viwanja. Alasiri usihangaike kwenda na mtoto wa miaka minne, pale pana timu, pana vijana na ligi zao, mpira ukimpata mtoto ni hospitali, na bahati nzuri hospitali ipo jirani (natania, lakini ipo kweli). Nenda asubuhi, au alasiri kaa pembeni kwenye miti. Mie nawapenda wale vijana ila hawana breki.

Na sikukuu? Hapo lazima niseme kwa kirefu maana nilipata mtihani. Idi mosi hadi nne, alasiri, kila mtoto wa mji huu na nguo yake mpya yuko kwenye viwanja vya sikukuu, mabaluni, midoli, aiskrimu, spika kumi zinapiga nyimbo kumi. Idi tatu, mwaka juzi, nimegeuka kulipa ubuyu, nimegeuka tena, mdogo hayupo. Dakika ishirini na tano. Sitaki hata kukumbuka, miguu ilikuwa maji. Kapatikana kwa mama mmoja muuza karanga, kakaa juu ya ndoo anakula, hana habari. Tangu hapo nina mambo mawili sikosi. Kwanza naandika namba yangu kwa peni mkononi kwa mtoto, upande wa ndani. Pili kabla hatujaingia nawaonesha ile kuba ya Makumbusho, Beit el Amani, lile jengo jeupe la 1925, nawaambia ukinipoteza usinitafute, nenda kwenye kuba ukae. Ile kuba hata mtoto mfupi anaiona. Mwaka jana mkubwa kapotea, nimefika kwenye kuba nimemkuta kakaa na watoto wengine wawili, kawaambia "na nyinyi kaeni hapa, mama zenu watakuja," na mama zao walikuja kweli.

Kariakoo yetu ya hapa Unguja, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto, ni pazuri na watoto wanapapenda kufa, ila pale ni pesa, kwahiyo kwangu mie ni zawadi ya mtihani wa skuli, sio kila wiki. Nendeni siku ya kazi, mtafaidi zaidi.

Haya, na sisi wakubwa? Mana tunasema watoto watoto, wakati presha na sukari tunazo sisi. Tulianza wanawake watatu wa ghorofani, tunatembea baada ya sala ya alfajiri kutoka Michenzani mpaka Maisara na kurudi, na mabaibui yetu na raba. Sasa tuko kumi na moja. Tulijaribu jioni tukashindwa, kila kijana aliyekaa kwenye honda ana la kusema. Alfajiri hakuna anayekutazama, wanaokutazama na wao wako kwenye mazoezi wanahema, na Jumapili ndo kabisa, vikundi vya mazoezi vinapita vinaimba barabara nzima, ukijiunga nyuma yao hakuna anayekufukuza. Na Januari 1 ile siku ya mazoezi kitaifa msikose, hata kama mwaka mzima hukunyanyua mguu, siku ile hakuna anayekuona mnene, watu ni wengi mno.

Hawa wanawake kumi na moja ndo wakaniponza. Tukasema tufanye siku ya nage ya watoto wa kike, mana wavulana wana mpira kila pembe na watoto wetu wa kike wakifika miaka kumi wanarudishwa ndani kuosha vyombo. Nage haitaki vifaa, mpira wa soksi, wawili wanarusha, wa katikati anakwepa. Ila sisi tulitaka spika na turubai na watoto kama sitini, na hapo ndo inataka ruhusa. Kutembea na kukaa kwenye mkeka huombi mtu, lakini ukishaweka spika na turubai, omba.

Niwape njia ili msizunguke kama mie. Anza kwa sheha, yule kiongozi wa mtaa, wa pale kilipo kiwanja. Narudia, kilipo kiwanja, sio unapokaa wewe. Mie nilikwenda kwa sheha wetu, mzee wa watu kaniandikia vizuri, nikapeleka manispaa ya Mjini kumbe kiwanja tulichokichagua kipo manispaa ya Magharibi B, barabara moja tu katikati. Barua ikazunguka, ikafika ofisi moja ikalala wiki tatu chini ya faili, nikienda naambiwa "mhusika katoka kidogo." Kidogo hiyo! Barua ya pili nikaandika kwa akili: tarehe, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, watoto wangapi, nani atasafisha baada ya shughuli na jina lake, simu mbili. Nikapiga nakala, nikaomba wagonge mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu nikaondoka nayo. Ilijibiwa siku ya tano. Sijui kama ni mhuri au ni ile sentensi ya kusafisha, ila nadhani ni kusafisha, mana mtu wa ofisini anachoogopa ni kuja kulaumiwa kwa taka za watu.

Lakini sikilizeni, karatasi peke yake haitoshi. Siku mbili kabla nikaenda na baba watoto kiwanjani alasiri tukamtafuta nahodha wa ile timu inayocheza pale. Kijana mstaarabu, ila kwanza alinuna, "mama sie tuna mechi." Nikamwambia najua, nipe kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, na maji ya kunywa yatakayobaki ni yenu. Kacheka. Siku yenyewe wametuchorea mistari kwa chokaa na wawili wamekaa kuzuia pikipiki zisikatize. Ningekwenda na mhuri wangu tu wangenionesha mhuri wangu unafaa kufungia karanga. Wale ndo wanaofyeka majani, wanafukia mashimo, kiwanja ni cha serikali lakini jasho ni lao.

Mara moja kwa mwaka tunakodi gari tunachanga tunakwenda Jozani. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na wale kima punju hawapo pengine popote duniani isipokuwa visiwa vyetu hivi, watoto wetu wanawaona kwenye mabango ya watalii tu, aibu. Mwananchi halipi bei ya mgeni, kwahiyo kitambulisho cha Mzanzibari usikisahau. Chakula kiacheni kwenye gari, na msiwashike wala kuwapa ndizi hata wakija karibu. Kile kidaraja cha mbao kwenye mikoko wanangu wanakizungumza mpaka leo kuliko kima wenyewe.

Tukienda Chake Chake, Pemba, kwa mama, kiwanja cha watoto cha Tibirinzi kipo karibu na ni nafuu ya roho, huna haja ya kugombana na msongamano wa mjini. Ila mama yangu mwenyewe anasema watoto wa Unguja wameharibika, wanataka bembea ya chuma, akawafungia kamba kwenye mwembe uani. Wamekaa pale siku nne, Tibirinzi tukaenda mara moja.

Masika sina la kuwadanganya. Kuanzia Machi mwishoni viwanja vyote ni matope, na ukipeleka watoto wakacheza kwenye madimbwi utarudi na homa ya tumbo ndani. Tunakaa nyumbani, dhumna, karata, keram tumenunua ya kuchangia watu wa ngazi yetu, inawekwa chini kwenye mlango wa kuingilia. Bi mkubwa wa mlango wa pili anashuka na kiti chake, na nimegundua anamshinda kila mtu.