"Cuckoo" wa Waingereza na Kuku Wetu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amekutana na ndege aitwaye "cuckoo" katika kitabu chake cha Kiingereza, na kwa kuwa jina hilo hutamkwa karibu sawa na "kuku", anashikilia kwamba Waingereza walilichukua kwetu. Nimjibu nini? Mzazi, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao ana sikio zuri, ila maneno hayo mawili hayana undugu. "Cuckoo" ni ndege wa jamii ya kekeo, yule atagaye katika viota vya wenzake, na jina lake ni tanakali ya sauti, kwa maana dume huita kwa silabi mbili, "ku-kuu". Wafaransa wa kale walimwita "cucu", Waingereza wakalipokea neno hilo na kuliacha lao la awali, "geac", na kufikia karne ya 13 wimbo wa kupokea majira ya joto ulikuwa tayari unamtaja akiimba "cuccu".

Linalonivutia zaidi ni jinsi neno hili lilivyokataa kubadilika. Irabu ndefu "uu" ya Kiingereza cha zamani iligeuka "au" katika maneno mengi, na ndiyo sababu nyumba, iliyoitwa "hus", leo ni "house", na panya, aliyeitwa "mus", ni "mouse". Kwa kanuni hiyo ndege huyu angeishia kuitwa kitu kama "kakau", lakini kila mwaka baridi ilipokwisha alirejea akijitaja mwenyewe, na watu wakaendelea kumwita walivyomsikia. Njiwa hakupata bahati hiyo: "pigeon" limetokana na neno la Kilatini "pipio", yaani kinda anayelia "pi-pi", na mabadiliko ya matamshi katika Kifaransa yameufuta mlio huo kabisa.

Kuku wetu ana ukoo wake katika lugha za Kibantu. Waluhya humwita "ingokho", Waganda "enkoko", Wazulu "inkukhu", na neno hilo, ambalo huenda nalo liliiga mlio wa kuku mwenyewe, ni la kale kuliko mkutano wowote wetu na Waingereza.

Binti akitaka ushahidi wa karibu, msikilizeni pamoja dudumizi mvua inapokaribia. Huyo ni wa jamii moja na "cuckoo", na mwanzo wa jina lake ndio mlio wake, "du-du-du", unaoshuka taratibu kutoka vichakani.