Anayejibu DNS yako ni nani? Maswali na majibu kuhusu kuzuia matangazo nyumbani

Tangu niliposhauri kuzuia matangazo ya mtandaoni kwa nyumba nzima kupitia DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake, maswali yamemiminika kutoka Tukuyu hadi Mafinga. Mengi yanahusu Pi-hole, programu unayoifunga kwenye kompyuta ya nyumbani ili ijibu DNS na kuyakataa majina ya seva za matangazo. Yanayofanana nimeyaunganisha. Wanaouliza nywila ya rauta yao ni ipi wageuze rauta wasome kibandiko chini yake.

Nimefunga Pi-hole, tovuti zimekuwa safi, lakini YouTube bado inaniletea matangazo. Nimekosea wapi? (Mwanjelwa, Mbeya)

Hujakosea popote. Swali hili naletewa kila mara, na jibu halijabadilika: DNS inazuia jina la seva, haioni kilichomo ndani. YouTube hutuma tangazo na video kutoka kwenye seva zilezile. Ni lori moja lililopakia viazi na taka. Ukilizuia getini, viazi navyo havifiki. Facebook na Instagram ni hivyohivyo. Anayekuuzia "orodha maalumu ya YouTube" anakula hela yako bure. Tumia Firefox yenye kiongezi cha uBlock Origin, ambacho kinakubali hata kwenye simu za Android.

Nina gesti ndogo Mafinga. Bando linaisha haraka na wageni wanalalamika mtandao ni mzito. Pi-hole itasaidia? Ninunue kifaa gani?

Itasaidia kiasi. Tangazo lililozuiwa kwenye DNS halipakuliwi kabisa: simu inauliza anwani, inajibiwa 0.0.0.0, habari inaishia hapo. Lakini kinachomaliza bando la gesti ni video, na hiyo dawa yake ni kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa kwenye rauta. Anza na hilo.

Kuhusu kifaa, wengi hukimbilia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Ni nzuri na inakula umeme kidogo, na Pi-hole yenyewe inatosheka na RAM ya MB 512. Tatizo ni umeme kukatika: ukikatika wakati kadi ya memori inaandikwa, kadi inaweza kuharibika, na gesti nzima ikaamka haina mtandao. Mimi ningechukua laptopu kuukuu ambayo betri yake bado inashika hata nusu saa, nikaiwekea mfumo endeshi wa Debian, nikaiunganisha na rauta kwa waya.

Ukishaifunga, ipe anwani isiyobadilika. Kisha usiweke 8.8.8.8 ya Google kwenye nafasi ya DNS ya pili "kwa tahadhari". Vifaa vingi havisubiri ya kwanza ife ndipo viende ya pili. Vinatumia yoyote kati ya hizo, na matangazo yanapita hapo. Ukitaka akiba, funga Pi-hole ya pili. Angalia pia IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao: kama rauta inagawa DNS yake kwa njia hiyo, simu zitaizunguka Pi-hole bila wewe kujua.

Na jambo ambalo hukuuliza. Pi-hole huandika kila jina lililoulizwa na kila kifaa, pamoja na saa. Mgeni amelipia chumba, hajakuruhusu ujue anasoma nini usiku. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, chagua kiwango kinachoficha majina na vifaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mwenye gesti hajasamehewa.

Kwenye grupu letu la WhatsApp zimetumwa namba za DNS, wanasema zinaondoa matangazo na kuongeza kasi. Niziweke kwenye rauta? (Ipogolo, Iringa)

Hapana. Na kama umeshaziweka, zitoe leo.

Hapa ndipo ninapogombana na watu kila siku. Mnahangaika na matangazo, halafu mnamkabidhi mtu msiyemjua ufunguo wa nyumba nzima. Anayejibu DNS yako anaona kila tovuti unayoiulizia, na anaweza kukujibu anwani ya uongo ukatua kwenye seva yake badala ya ile uliyoitaka. Hili limeshatokea. Kirusi cha DNSChanger kilibadilisha DNS za kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na wenye nacho wakawa wanawachomekea watu matangazo yao na kulipwa. FBI iliwakamata wahusika Novemba 2011. Uharibifu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba seva zao zililazimika kuendeshwa kwa muda chini ya usimamizi wa mahakama hadi tarehe 9 Julai 2012, maana kuzizima ghafla kungewaacha wengi bila intaneti.

Kirusi hicho kilijaribu pia kuingia kwenye rauta ambazo nywila yake ilikuwa ileile ya kiwandani. Sasa niambieni: rauta ngapi za Gangilonga na Kihesa bado jina na nywila ni admin na admin? Badilisheni hiyo kwanza, kabla ya kunisumbua na habari za matangazo.

Ukitaka namba za kuaminika, AdGuard ni 94.140.14.14 na 94.140.15.15, na zinazuia matangazo. Quad9, yaani 9.9.9.9, haizuii matangazo ila inazuia tovuti hatari zinazojulikana. Hao nao wanaona maulizo yako, lakini wanajulikana ni akina nani na sera zao zimeandikwa. Na kivinjari kikikuonya kuwa cheti cha tovuti ya benki, yaani uthibitisho kuwa ndiyo yenyewe, si sahihi, usibonyeze "endelea". Funga ukurasa.

Shikamoo fundi. Wanangu wanatumia simu yangu, kila wakifungua mchezo yanatokea matangazo ya kubeti na picha za aibu. Nifanyeje? Sina hela ya kununua vifaa. (Uyole)

Marahaba, dada. Huhitaji kununua chochote. Simu ya Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya Faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Andika pale family.adguard-dns.com, hifadhi. Inazuia matangazo na tovuti za ngono, ukiwa kwenye Wi-Fi au kwenye bando la laini. Baadhi yatapenya, kwa hiyo mchezo unaoleta matangazo kila dakika ufute tu.

Na niseme wazi: tangazo la kubeti ndani ya mchezo wa mtoto wa miaka 7 ni aibu kwa aliyelitengeneza na kwa aliyelipokea hela yake. Nikizuia matangazo, hayo ndiyo ninayaanzia.

Rauta yangu ya laini hainiruhusu kubadilisha DNS. (Tunduma)

Zima DHCP ya rauta, yaani sehemu inayovigawia vifaa anwani na DNS, washa ya Pi-hole. Rauta ikikataa hata hilo, badilisha kwenye kila kifaa au nunua rauta nyingine.

Baada ya kuweka Pi-hole, programu ya malipo haifunguki.

Umejaza orodha za kuzuia kupita kiasi. Fungua kumbukumbu za maulizo, angalia jina gani limezuiwa ulipofungua programu, liruhusu. Kisha punguza orodha. Moja nzuri inatosha nyumba nyingi.

Nina blogu ya habari hapa Iringa na ninaishi kwa matangazo. Unawafundisha watu kuninyima ugali.

Lawama hii naipokea kwa uzito, maana habari za halmashauri zetu haziandikwi na mtu mwingine. Wasomaji, tovuti ya nyumbani mnayoisoma kila siku na isiyowarushia vitufe vya uongo vya "Pakua", mnaweza kuzima kizuizi kwa dakika chache mnapoisoma. Kuiruhusu kwa jina pekee hakutoshi, kwa kuwa matangazo mengi hutoka seva za watu wengine.

Nawe mwenye blogu, tangazo la duka la mbolea la Makambako ukiliweka kama picha kwenye seva yako mwenyewe, Pi-hole hailigusi. Ongea na wenye maduka moja kwa moja. Asilimia yote inabaki kwako, na msomaji wako hafuatiliwi na kampuni asiyoijua.

Nataka nitumie Pi-hole ya nyumbani nikiwa safarini Dar. Nifungue poti 53, mlango wa DNS, kwenye rauta?

Usithubutu. DNS iliyo wazi kwa dunia nzima hutumiwa kushambulia wengine. Machi 2013 shirika la Spamhaus, linalopambana na barua pepe taka, lilishambuliwa kwa kutumia seva za namna hiyo. Ukiwa njiani weka dns.adguard-dns.com kwenye DNS ya Faragha, ukirudi nyumbani iondoe, la sivyo simu itaendelea kuiruka Pi-hole yako.