Gunia moja la karafuu likazaa shehena

Vijana mnaoanza LabVIEW, lugha ya kutunga programu kwa kuchora, suali la kwanza mnaloniuliza huwa la memori: eti kuweka Build Array (amri ya kuongeza kitu kwenye safu, yaani orodha ya namba) ndani ya kitanzi, sehemu ya programu inayojirudia, ni vibaya? Ni vibaya, lakini siko mtakakoumia mwanzo.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuandikia uzito wa magunia ya karafuu, hapa Wete. Karani anaandika kilo, anabonyeza ONGEZA, namba inaingia kwenye safu. Siku ya kuijaribu nikaandika 52, nikabonyeza mara moja tu. Safu ikajaa 52, 52, 52 mpaka chini, na feni ya laptopu ikavuma kama mashine ya boti. Kumbe kitanzi kilikuwa kinazunguka bila kupumzika, na kitufe nilikiacha kama swichi ya taa: ukikiwasha kinabaki kimewaka. Kila mzunguko ukikikuta kimewaka unaongeza 52 nyengine.

Dawa yake Event Structure. Kitanzi kinalala pale mpaka kitufe kibonyezwe, kinaongeza namba moja, kinalala tena. Kitufe kiwe Latch When Released, yaani kirudi juu chenyewe programu ikishakisoma, na alama yake kwenye mchoro muiweke ndani ya tukio lenyewe. Ikikaa nje, hakitorudi juu kwa wakati wake.

Mkishafika hapo, Build Array haina neno. Karani awe na mkono mwepesi vipi, magunia 200 kwa siku kompyuta haiyahisi.

Kasheshe inaanza namba zinapotoka kwenye kifaa kinachosoma mara 1,000 kwa sekunde. Saa moja tu ni namba 3,600,000, baiti 8 kila moja, karibu megabaiti 29. Safu hukaa mahali pamoja pasipokatika. Nafasi ikijaa, kompyuta hutafuta pengine pakubwa zaidi ikahamisha vyote, sawa na kuhama ghala zima kwa sababu limekuja gunia moja. Hapo tengeneza safu mapema kwa Initialize Array, uijaze kwa Replace Array Subset, hesabu ya nafasi ukiibeba kwenye shift register, kisanduku kinachopitisha thamani kutoka mzunguko mmoja wa kitanzi hadi mwengine. Hesabu hiyo ikipita mwisho wa safu, namba hupotea kimya kimya.

Na kila shift register muipe thamani ya kuanzia, au itabaki na ile ya mara ya mwisho. Mimi ile iliyobeba jumla sikuipa, na laptopu ikalala na programu imesimamishwa tu, haikufungwa. Asubuhi ya pili karani akaniita: "Kaka, leo sijapima hata gunia moja, mbona jumla ishafika tani tatu?"